Sabuni na Chumvi Hulipwa na Nani?



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuvuna mpunga. Mwezi huu tuzungumze juu ya fedha za mpunga huo, zikiisha kuingia ndani ya nyumba.

Wako watakaosema, "Bwana Shamba, hayo si mambo yako. Wewe tuambie habari za mbegu na mbolea." Mimi naona ni mambo yangu. Hapa Kyela yako mashamba yanayokosa palizi, na wenyewe si wavivu. Mume na mke hawakuelewana juu ya fedha, basi hakuna aliyeweka fedha za vibarua. Mpunga ulioshinda mafuriko na ndege unaweza kuharibiwa na maneno ya chumbani.

Ukimwuliza mume, "Nani analipa gharama za nyumba hii?" atajibu, "Mimi. Nalipa sare za shule. Nalipa kulimiwa shamba. Nalipa michango ya misiba." Ukimwuliza mke, naye atajibu, "Mimi. Sabuni ni yangu. Chumvi ni yangu. Mboga ni yangu. Kalamu za watoto ni zangu. Huyu baba hajui hata bei ya kiberiti."

Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anaona malipo yake tu.

Basi leo tufanye hesabu. Chukua daftari na kalamu. Kama hujaweza kujumlisha vizuri, mwite mtoto wa shule akae karibu nawe.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa mume na mke wenye watoto wanne. Wanakaa upande wa Ipinda. Wana shamba la mpunga, wana miti michache ya kakao, wana migomba na michikichi. Bei nitakazoandika ni za mfano tu. Wewe andika bei za kwenu.

Mwaka huo wamevuna magunia 20 ya mpunga. Magunia 8 wanaweka kwa chakula na mbegu. Yanabaki magunia 12 ya kuuza. Tuseme gunia moja ni shilingi 90,000. Magunia 12 ni shilingi 1,080,000.

Kakao wameuza kilo 60. Tuseme kilo moja ni shilingi 8,000. Hizo ni shilingi 480,000.

Mke anakamua mawese na kuuza ndizi sokoni. Akiisha toa nauli na ushuru, anabaki na faida ya shilingi 6,000 kila juma. Kwa mwaka tuhesabu majuma 50, maana yapo majuma ya ugonjwa na ya msiba. Hizo ni shilingi 300,000.

Jumla ya fedha zote zilizoingia ni shilingi 1,860,000.

Sasa tuone zinavyotoka. Shule haina ada tangu Januari 2016, mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 Serikali iliondoa ada ya kidato cha tano na cha sita pia. Lakini mtoto haendi shule uchi. Kuna sare, viatu, madaftari, na chakula cha mchana shuleni. Tuseme shilingi 420,000 kwa watoto wote. Shamba, yaani kulimiwa, mbegu, mbolea na palizi, shilingi 350,000. Misiba na michango mingine, shilingi 150,000. Hospitali, shilingi 100,000. Umeme wa LUKU na maji ya bomba, shilingi 8,000 kila mwezi, yaani 96,000 kwa mwaka.

Bado vitu vidogo. Sabuni, chumvi, sukari, majani ya chai, usipa, kiberiti, kukoboa mpunga, panadoli, kalamu, vocha ya simu. Tuseme shilingi 12,000 kila juma. Mwaka una majuma 52. Zidisha. Utapata shilingi 624,000.

Hapo simama kidogo. Soma tena hesabu hiyo.

Sare na viatu ni 420,000. Shamba ni 350,000. Sabuni na chumvi na wenzake ni 624,000. Vitu vidogo ndivyo deni kubwa kuliko yote katika nyumba hii! Hatukuliona kwa sababu linalipwa kidogo kidogo, leo mia tano, kesho elfu moja. Mume akilipa sare hulipa mara moja, watu wanaona, na mtoto anamshukuru. Mke akinunua chumvi mara hamsini kwa mwaka hakuna anayemwona.

Tena angalia ni nani anayebebeshwa deni hilo. Katika nyumba nyingi husemwa, "Vitu vidogo ni vya mama." Lakini fedha za mama huyu ni shilingi 300,000. Deni lake ni 624,000. Mtu mwenye shilingi 300,000 atalipaje 624,000? Zinapungua shilingi 324,000. Ukigawa kwa miezi 12, kila mwezi anapungukiwa na shilingi 27,000.

Na nyumba yenyewe haina upungufu. Jumlisha matumizi yote: ni shilingi 1,740,000. Fedha zilizoingia ni 1,860,000. Zinabaki 120,000. Nyumba ina fedha za kutosha, lakini mama hana. Fedha ziko mfuko mmoja, na deni liko mfuko mwingine.

MAMA ANAFANYAJE?

Shilingi 27,000 kila mwezi hazianguki toka mbinguni. Mama huzitafuta.

Njia ya kwanza ni kuomba. "Baba watoto, sabuni imekwisha." Baba anajibu, "Juzi nimekupa elfu tano, umeila?" Mama akiisha jibiwa hivyo mara tatu haombi tena.

Njia ya pili ni kuchota mpunga ghalani, debe moja moja, mume akiwa hayupo. Mwenye duka anajua ni mpunga wa siri, basi hununua kwa bei ya kutupa. Mwezi wa pili magunia 8 ya chakula yamekuwa 5, na mume hajui. Akijua, anasema mke ni mwizi. Mimi siliungi mkono neno hilo. Mama ameuza mpunga wa watoto ili kuwanunulia watoto hao hao sabuni. Lakini chakula kimepungua, na bei iliyopatikana ni mbaya. Nyumba nzima imepata hasara.

Njia ya tatu ni kuuza mpunga ungali shambani, bado mbichi. Anakuja mtu na fedha mwezi wa pili au wa tatu, wakati nyumba haina kitu. Anatoa fedha kidogo. Wakati wa mavuno anachukua gunia zima. Mambo haya si ya Kyela peke yake. Wenzetu wa Kagera wameyajua siku nyingi kwa kahawa ikiwa bado mtini, nao huyaita butura. Huko pia huanza na shida ndogo ya nyumbani: chumvi, dawa, daftari.

Njia ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni mikopo ambayo watu wameiita kausha damu. Ilianza kusikika mijini, sasa iko mpaka vijijini. Unapewa fedha leo, unarudisha na riba kubwa kwa siku chache, na dhamana ni vitu vya ndani. Mama wengi huchukua kwa siri. Mume anajua siku watu wanapokuja kubeba godoro na televisheni. Ndoa zimevunjika kwa sababu hiyo. Na ukifuatilia deni mpaka mwanzo wake, mara nyingine utakuta ni shilingi 27,000.

MAGUNIA YA SABUNI

Sasa nitaeleza dawa ninayoiona mimi. Ni ya wakulima wa mpunga, kwa hiyo ni ya wengi wetu.

Msiuze magunia yote 12 wakati wa mavuno. Tengeni magunia 4. Yaitwe magunia ya sabuni. Bei ikiwa ile ile ya 90,000, magunia 4 ni shilingi 360,000. Upungufu wa mama ni 324,000. Yanatosha, na kidogo kinabaki. Kila baada ya miezi mitatu gunia moja linauzwa, na fedha zake anakabidhiwa mama kwa vitu vidogo. Hakuna kuomba. Hakuna kuchota usiku.

Kuna faida nyingine. Kwa kawaida bei ya mpunga huwa chini wakati wa mavuno, maana kila mtu anauza. Baadaye hupanda. Si kila mwaka inapanda sana, lakini miaka mingi gunia la Januari hushinda gunia la Juni. Basi magunia hayo 4 yanaweza kuleta zaidi ya hizo 360,000.

Hapo lazima niseme ya kazi yangu. Kyela ni nchi ya mvua. Mpunga ukiwekwa na unyevu utaota ukungu, na magunia ya sabuni yatakuwa chakula cha bata. Anika juu ya turubai au mikeka, usianike juu ya udongo. Geuza mara kwa mara. Kujua kama umekauka, chukua punje uiume kwa meno. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, rudisha juani. Magunia yasikae chini sakafuni wala yasiegemee ukuta. Weka juu ya kichanja cha mbao, upate nafasi ya kupitisha mkono nyuma yake. Panya hupenda mahali ambapo mkono haufiki.

Tia alama kwenye magunia 4 hayo kwa rangi au kwa mkaa. Magunia yasiyo na alama husahaulika yalitengwa kwa kazi gani.

Kwa wavuvi wa Matema, Ngonga na Itungi hesabu ni nyingine, maana fedha za ziwa hazingoji msimu mmoja. Usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti samaki, na mitumbwi hukaa ufukoni. Kwa hiyo nyumba ya mvuvi ina majuma ya fedha na majuma ya njaa ndani ya mwezi mmoja. Watu wa namna hii wasitenge magunia. Watenge kila asubuhi ya mavuno, kabla baba hajapita kilabuni, fedha za siku za mbalamwezi. Na mke anayeanika usipa na kuuza aandike mtaji wake mbali. Fedha za kununulia usipa kesho si fedha za sabuni. Mtaji ukiliwa, biashara imekufa.

FEDHA ZA KAKAO

Juu ya kakao nina maneno kidogo.

Mnakumbuka mwaka 2024. Mavuno yalikuwa mabaya huko Ivory Coast na Ghana, nchi zinazotoa kakao nyingi kuliko nyingine zote duniani. Kakao ikawa haba. Machi mwaka huo tani moja ilipita dola 10,000 katika soko la New York, bei ambayo haikuwahi kuonekana kabla. Hata sisi wa Kyela tulipata. Mwaka 2025 bei ya dunia ilishuka tena.

Fedha za namna hiyo ni kama mbasa wanaopanda mtoni wakati wa mvua. Wakija unavua, lakini huwezi kuwaamuru waje tena mwakani. Baba aliyepanga gharama za kila juma kwa bei ya 2024 alipata taabu bei iliposhuka. Fedha za kakao zikizidi zifanye kazi inayofanywa mara moja ikaisha: bati, kisima, godoro, miche mipya. Chumvi isitegemee soko la New York.

Halafu kuna jambo la jina. Kakao huuzwa kwa njia ya chama cha ushirika, na fedha hulipwa kwa jina la mwanachama. Mara nyingi mwanachama ni baba. Lakini nani aliyepasua kakao? Nani aliyeivundika? Nani aliyekuwa anaigeuza juani na kukimbia kuifunika mvua ilipokuja? Mara nyingi ni mama na watoto. Halafu fedha zinapoingia kwenye simu ya baba, mama hajui hata zimeingia ngapi. Zamani fedha zilifichwa ndani ya mto wa kulalia, na siku ya kufua mto zilionekana. Siku hizi zimefichwa nyuma ya namba ya siri.

Sisemi kila mtu atangaze namba yake. Nasema siku fedha za mazao zinapoingia, mume amwonyeshe mke ule ujumbe, na mke naye aonyeshe fedha zake za mawese. Kisha waandike. Tena sheria haimzuii mke kuwa mwanachama wa ushirika kwa jina lake mwenyewe. Anaweza kujiunga.

SHERIA INASEMAJE?

Wengine hudhani sheria haiingii ndani ya nyumba. Inaingia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inasema ni wajibu wa mume kumtunza mke wake au wake zake: mahali pa kukaa, nguo na chakula, kwa kadiri ya uwezo wake. Mke anakuwa na wajibu wa kumtunza mume pale mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya ugonjwa wa mwili au wa akili, kama mke ana uwezo. Sheria hiyo hiyo inampa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Fedha za mawese za mke ni zake. Na nyumba wanayokaa mume na mke haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Basi mume asiseme, "Siku hizi mke wangu anafanya biashara, kwa hiyo mimi nimepumzika." Nenda soko la vyungu la Lyulilo, pale Matema, siku ya Jumamosi. Vyungu vile vimefinyangwa na akina mama wa Kikisi. Wanaume huwasaidia kuvisafirisha kwa mitumbwi. Ni kazi nzuri, na vyungu hivyo huenda mbali. Lakini fedha za chungu hazimfuti baba wajibu wake. Mama akichangia, ni jambo jema, na wengi huchangia zaidi ya waume zao. Asichukuliwe kama mtu aliyepewa deni lote kwa kuwa mikono yake inajua udongo.

Na kazi isiyoleta fedha je? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed. Mahakama ilisema kazi za mke nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, zinahesabiwa kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao mwishoni, kwa sababu Mahakama iliona mume alikwisha mpa fedha za maendeleo na hazikutumika vizuri. Kwa hiyo kesi ile ina maneno kwa mume na kwa mke pia. Mume asiseme, "Huyu hajaleta kitu." Mke asipokee fedha za nyumba akazifanya za mchezo.

Wenye wake wawili au watatu nao wawe na ukurasa mmoja kwa kila nyumba. Kakao ya nyumba kubwa isilipe sare za nyumba ndogo kimya kimya. Ugomvi wa mitala mara nyingi huanzia hapo.

WOGA WA MUME NA WOGA WA MKE

Nikizungumza mambo haya mikutanoni, wanaume huniambia, "Mke akijua fedha zote, atazimaliza." Wanawake hawasemi mbele ya watu. Hunifuata baadaye, njiani, na kusema, "Bwana Shamba, mume akijua nina fedha, ataacha kutoa zake."

Woga huu wa pili nauheshimu sana, maana una msingi. Nyumba nyingi zimekuwa hivyo. Mama alionyesha faida ya mawese, na juma lililofuata baba hakutoa fedha ya mboga.

Kwa sababu hiyo nasema mpango utangulie, fedha zionyeshwe baadaye. Kwanza mkae, mwandike kila gharama, na mbele yake mwandike jina: Baba au Mama, na mwezi wa kulipa. Mkubaliane kwamba majina hayo hayabadiliki mpaka mavuno mengine, ila kwa ugonjwa au mafuriko. Mkiisha kukubaliana, ndipo kila mmoja aonyeshe alichonacho. Kama mama ana zaidi ya mlivyodhani, gharama za baba zinabaki za baba.

Wapo walimu wa maendeleo wanaofundisha kwamba fedha zote za mume na mke ziwe mfuko mmoja. Mimi siwafuati hapo. Pengine ni vizuri kwa watu wenye mshahara wa kila mwezi. Kwa mkulima naona yafaa kila mmoja awe na fedha kidogo ambazo haulizwi. Mume akitaka kimpumu siku ya soko, anywe kwa fedha hizo. Mke akitaka kitenge au kumtumia mama yake sukari, atumie hizo. Mtu mzima anayeulizwa kila shilingi huanza kusema uongo.

Juu ya misiba ni lazima mzungumze mapema, mkiwa na akili tulivu. Sisi watu wa hapa hatuendi msibani mikono mitupu. Msiba wa ukweni hauna mjadala. Mkwe anatazamwa na watu wote ameleta nini. Mume akitoa ng'ombe kwa msiba wa baba yake mwenyewe, halafu kwa msiba wa baba wa mke akatoa debe la mchele, jambo hilo halisahauliki. Katika mfano wetu tuliweka 150,000 kwa michango. Gaweni sawa: upande wa mume 75,000, upande wa mke 75,000. Zikiisha za upande mmoja, aliyefiwa aongeze katika fedha zake, au waongeze wote kwa kukubaliana. Msikope kwa ajili ya kuonekana. Aliyekufa hadai.

Wenye kikundi cha VICOBA wana mahali pazuri pa kuweka. Lakini nimeona jambo moja. Mama anakopa kwenye kikundi, baba anachukua fedha kununua pikipiki, na siku ya marejesho baba anasema deni ni la mama. Mkopo wa kikundi uandikwe kwenye daftari la nyumba siku ile ile: nani amekopa, nani ametumia, nani atarudisha. Mume akitumia, jina lake liandikwe kwa mkono wake mwenyewe.

DAFTARI

Daftari la kurasa 40 latosha mwaka mzima. Upande wa kushoto andika "Zimeingia". Upande wa kulia andika "Zimetoka". Andika tarehe, kitu, na shilingi. Vitu vidogo usiandike kimoja kimoja, utachoka siku ya tatu. Andika mara moja kwa juma, jioni ya Jumapili: "Vitu vidogo, 12,000". Kama mmoja wenu hajui kusoma, mwenzake amsomee kwa sauti yote yaliyoandikwa, na asiruke mstari. Akiruka, atajulikana, maana watoto wanasikia.

Daftari likae mahali ambapo wote wawili wanafikia. Daftari linalofungiwa sandukuni ni la mtu mmoja.

Kwa sasa mavuno ya mpunga yanakwisha na wanunuzi wameanza kuzunguka na mizani zao. Kaeni hesabu hii kabla ya gunia la kwanza kutoka mlangoni. Magunia yakiisha kupanda gari hamtakuwa na la kutia alama.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuvundika kakao, na kwa nini kakao nyingine hukataliwa chamani. Wenye maswali waniletee siku ya mkutano wa kijiji, au wayaandike wampe mwalimu wa kisomo.

Bwana Shamba